Shajara ya modeli: kuisimamisha tena Beit al-Sahel kwa plaiwudi

Mwisho wa kaskazi

Kazi imeanza rasmi. Tunajenga modeli ya Beit al-Sahel, nyumba ya mjini Unguja ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, kwa kipimo cha 1 kwa 100. Vifaa ni plaiwudi nyembamba, vijiti na kadibodi, na gundi ya mbao. Mahali ni pembe ya karakana ya fundi seremala mmoja wa mtaa wa Ng'ambo ambaye sote tunamwita Babu Fundi. Mchoraji wetu ni dada aliyesomea ramani za majengo. Wapo na vijana wa skuli wanaokuja baada ya vipindi. Kazi yangu mimi ni kusoma, kulinganisha maandishi, na kuandika shajara hii ili wenzetu watakaotaka kufanya kazi kama hii wajue tulipita wapi.

Kwa nini nyumba hii? Kwa sababu ndiyo iliyokwenda moja kwa moja, baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Ukienda Mtoni, alikokaa Seyyid Said nje ya mji, bado utakuta kuta. Maruhubi, nguzo za kasri ya mwanawe, Sultan Barghash, zimesimama mpaka leo, ingawa jumba liliungua mwaka 1899. Hata Beit al-Ajaib, kasri nyengine ya Barghash, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, mtu bado anaiona na kuisikitikia. Beit al-Sahel haina hata gofu. Wapita njia wa Mizingani, barabara ya ufukweni, huitazama kasri nyeupe iliyopo sasa, ile iliyofanywa makumbusho mwaka 1994, wakadhani ndiyo yenyewe. Hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Imerithi jina na kiwanja tu.

Kabla ya kukata ubao hata mmoja, tumekubaliana kitu kimoja: tutaanza uani, halafu tutoke nje. Babu Fundi hakupenda. Kwake nyumba huanza na mlango. Lakini picha zote za zamani za nyumba hii zimepigwa kutoka baharini au kutoka ufukweni, na mtu akianzia hapo atamaliza akiwa na ukuta mweupe wenye madirisha, nyuma yake hamna kitu. Modeli za namna hiyo zipo tele. Sisi tunataka nyumba ambayo watu walikaa.

Wiki iliyofuata

Shughuli ya majina imetuchukulia muda kuliko nilivyotaraji, kwa hiyo nieleze vizuri.

Ufukweni, kabla ya Agosti 1896, majumba makubwa ya kifalme yalikuwa yamejipanga kwenye mstari: Beit al-Ajaib kusini, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, jumba la kati, na jumba la kaskazini. Nyuma na pembeni kulikuwa na nyumba nyengine za ukoo, mojawapo ikiwa Beit al-Tani, iliyojengwa kwa ajili ya Shehzade, binti wa Kiajemi aliyekuwa mke wa Seyyid Said. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unakuja kwenye majina ya jumba la kati na la kaskazini. Simulizi moja lililoenea kutokana na vita vya 1896 linasema kasri iligeuzwa bustani, na kasri mpya ikajengwa mahali pa nyumba ya wanawake. Simulizi jengine, ambalo ndilo wanalolifuata wengi hapa mjini, linasema bustani ni mahali pa Beit al-Hukm, nyumba ya wanawake, na kasri mpya imekaa mahali pa Beit al-Sahel.

Ukiyasoma haraka unaona yanapingana. Ukiyaweka juu ya ramani, yanakubaliana kuhusu ardhi: jumba la kati limekuwa bustani, la kaskazini limekuwa kasri mpya. Wanachogombania ni kibandiko. Na kibandiko kilikuwa lazima kihamehame, kwa sababu katika zama za Seyyid Said, Beit al-Sahel yenyewe ilikuwa imejaa wake, masuria na watoto. Ilikuwa nyumba ya wanawake na nyumba ya mtawala kwa pamoja. Ofisa wa manowari aliyeitazama kwa darubini miaka arubaini baadaye aliandika jina kufuatana na nani alikuwa akilala wapi wiki ile. Tumeamua kufuata ardhi. Modeli yetu ni ya jumba la kaskazini, na tunaliita Beit al-Sahel kama wanavyoliita wenyeji.

Mvua za mwanzo

Hatua ya boriti. Hapa ndipo Babu Fundi alipotufundisha zaidi kuliko karatasi zote nilizobeba.

Kuta za nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ni nene, zinabeba uzito. Lakini ukuta haukuambii chumba kilikuwa na upana gani. Boriti ndizo zinazosema. Dari hupitishwa vigogo vya mkoko kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe madogo, juu yake chokaa iliyopigiliwa mpaka ikashikana. Kigogo cha mkoko kinachofaa kubeba sakafu nzito namna hiyo huishia kwenye urefu wa mita 3 hivi. Basi chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake ni ule ule. Ndiyo maana ukiingia nyumba kongwe ya mjini unakuta vyumba vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya chengine.

Boriti zilitoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na hazikuishia hapa. Majahazi yalizipeleka Masikati, Basra na bandari za Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu, na huko nako vyumba vikachukua upana wa mkoko wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo Seyyid Said alipohamisha makao yake kutoka Masikati kuja Unguja (vitabu huliweka jambo hilo kati ya 1832 na 1840) hakukuta vyumba vigeni. Alikuwa amelala chini ya boriti hizo hizo tangu utotoni.

Kwa modeli, maana yake ni nyepesi: dada mchoraji amegawa jumba zima kwa vipande vya sentimita 3. Mipaka ya kiwanja tunaikisia kutokana na kasri iliyopo na picha za ufukweni. Katikati tunaweka ua. Halafu vyumba vinazunguka ua kwa upana wa boriti. Ghafla jumba limeanza kujipanga lenyewe. Sehemu moja tu imekataa, upande wa bahari, ambako picha zinaonesha madirisha yaliyo mbalimbali mno kwa mgawo huo. Babu Fundi anasema hapo palikuwa na ukumbi wa mtawala na wakatumia mbao za miti migumu, ndefu zaidi, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na uwezo. Inaingia akilini. Tumeipaka sehemu hiyo rangi ya kijivu, rangi tuliyoiweka kwa kila kitu ambacho ni hoja yetu wenyewe, si ushahidi. Nyeupe ni kile kilichoandikwa au kupigwa picha.

Masika

Mvua hazitoki. Plaiwudi imevimba kidogo, gundi inachelewa kukauka. Nimetumia siku hizi kumsoma Salme.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden, akabatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani. Kuandika alijifundisha kwa siri utotoni, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Bila ya mfupa ule tusingekuwa na modeli.

Anasema baba yake alikuwa akikaa siku nne za wiki Mtoni na zilizobaki mjini, Beit al-Sahel. Yeye mwenyewe alipofika mjini akiwa mtoto alishangazwa na msongamano. Mtoni kulikuwa na nafasi, bustani, na mto unaopita uani; mjini nyumba ilikuwa imesimama ukingoni mwa bahari, meli zikitia nanga mbele ya madirisha.

Maelezo yake ya ndani ndiyo yaliyotuendesha. Milango yote ya ghorofa ya juu, anasimulia, ilifunguka kwenye varanda moja refu na pana lililozunguka. Paa la varanda lilishikwa na nguzo zilizotoka chini mpaka juu, na baina ya nguzo kulikuwa na ukuta wa kuegemea, na viti vimepangwa. Darini zilining'inia taa za rangi nyingi, usiku nyumba ikawa inawaka kila rangi. Kutoka varandani unautazama ua chini. Na uani hakukuwa na utulivu hata kidogo: pembe moja wanachinja, pembe nyengine watu wananyolewa vichwa, wachukuzi wa maji wamejinyoosha kupumzika, wapishi wako kwenye moto, wayaya wamekaa na watoto. Ngazi kubwa mbili ziliunganisha ua na ghorofa ya juu, na zilijaa watu wanaopanda na kushuka kiasi kwamba mtu alisubiri dakika kadhaa kabla ya kupata pa kukanyaga.

Ngazi hizo mbili ndizo zilizobadilisha mchoro. Dada mchoraji alikuwa ameweka ngazi moja, nyembamba, iliyofichwa ndani ya ukuta, kama zilivyo nyumba nyingi za matajiri wa Mji Mkongwe. Ngazi za kujificha zina sababu: mgeni asijue njia ya kwenda walipo wanawake. Lakini nyumba ya mtawala aliyekuwa na wake, masuria, watoto, jamaa, watumishi na watumwa wasiohesabika haikuweza kupumua kwa ngazi moja. Huku faragha ililindwa langoni, si ngaziani. Ukishapita lango, ulikuwa ndani ya mji mdogo.

Sasa tuna ngazi mbili pana zinazotazamana, na nguzo zinapanda moja kwa moja. Nguzo ni vijiti vya mishikaki. Vijana walicheka sana, lakini unene wake kwa kipimo chetu unafaa.

Bado masika

Ubishi karakanani, na nimeona niuandike kwa sababu utaathiri kazi yote.

Swali: tuweke watu kwenye modeli au tusiweke? Kama tunaweka, akina nani? Kijana mmoja alikuwa amechonga wanawake wa varandani kwa nta, wamekaa vitini, wamevaa barakoa na kanga.

Kanga kwanza: hapana. Kanga ni vazi la baadaye. Wanawake wa nyumba hii katika zama za Seyyid Said walivaa mavazi ya Kiomani, kanzu na suruali, na vitambaa vya hariri. Hilo tulilimaliza haraka.

La pili halikumalizika haraka. Salme anaipenda nyumba yake, na anapofika kwenye utumwa anautetea. Aliandika kwa ajili ya wasomaji wa Kijerumani, miaka ishirini baada ya kuondoka, akiwa mjane mwenye watoto wa kulea na madai ya urithi ambayo kaka yake Barghash hakutaka kuyasikia alipokuja na manowari za Kijerumani mwaka 1885. Mimi namwamini akieleza ngazi. Namwamini akieleza taa. Anapoeleza kwamba waliokuwa uani walikuwa wameridhika, simwamini, wala silazimiki.

Basi nikasema: tukiweka watu varandani tu, tumejenga nyumba ya taa. Kila ndoo ya maji iliyopanda ghorofani ilipandishwa na mtu. Aliyechinja, aliyepika, aliyepigilia sakafu ya chokaa, wengi wao walikuwa watumwa, na waliokaa vitini juu, hao akina Jilfidan, wengi wao walinunuliwa vilevile. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Nyumba iliangushwa 1896. Amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitoka Aprili 1897, na hata hiyo iliwaacha masuria nje. Wao waliingizwa kwenye sheria mwaka 1909. Kwa maneno mengine, nyumba hii ilimaliza umri wake wote ndani ya utumwa.

Babu Fundi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, weka watu uani zaidi kuliko juu. Ndivyo ilivyokuwa." Uamuzi ukapita. Uani tutaweka watu wengi, varandani wachache.

Mvua zimetulia

Madaraja.

Barghash alipojenga Beit al-Ajaib aliiunganisha na majumba mawili ya jirani kwa njia za mbao zilizoezekwa, zikipita juu ya usawa wa barabara. Wanawake wa ukoo waliweza kutoka jumba moja hadi jengine bila kuteremka mjini. Watu huyataja madaraja hayo kama ubunifu wa Barghash, mtu aliyependa vitu vipya: mabomba ya maji safi, taa za umeme, nguzo za chuma kutoka ng'ambo. Lakini njia ya juu baina ya nyumba mbili si jambo jipya pwani. Lamu wana wikio, na Mji Mkongwe wenyewe unazo mpaka leo kwenye vichochoro. Na Salme anataja daraja baina ya Beit al-Sahel na Beit al-Tani, likipita juu ya hamamu, miaka mingi kabla ya Beit al-Ajaib kuwapo. Barghash aliendeleza desturi ya nyumbani kwao, akaitia mapambo.

Kwa kazi yetu jambo hili lina faida. Tunajua sasa kwamba nyumba ilikuwa na milango ya ghorofani iliyofungukia hewani kwa pande mbili: upande wa Beit al-Tani tangu zamani, na upande wa kusini baadaye. Dada mchoraji ameitengeneza wikio ya kusini iwe ya kuchomoka. Ukiiweka, ni nyumba ya 1890. Ukiitoa na kufunga tundu kwa kipande cha ukuta, umerudi 1850. Fundi gani asingependa kitu kama hicho? Babu Fundi ameichomoa na kuirudisha mara nyingi sana, anajidai anakagua.

Kipupwe

Kuta za nje zimesimama. Hapa kazi ni nyepesi na sina mengi ya kuandika. Picha za studio za Gomes na za Coutinho, wapigapicha waliokuwa na maduka yao mjini karne ya 19, zinaonesha ukuta mweupe, madirisha ya mpangilio wa kawaida, na mlingoti mrefu wa bendera nyekundu mbele. Mapambo ni haba. Mtu aliyezoea milango ya nakshi ya Mji Mkongwe atavunjika moyo: jumba la Seyyid Said kwa nje lilikuwa kavu. Wageni wa Kizungu waliolitazama kutoka melini mara nyingi waliliona kama kambi ya askari. Hawakupanda ngazi.

Kitu kimoja cha kusahihisha kwenye modeli nyingi nilizoziona: bahari. Leo pana barabara ya Mizingani na ukuta wa kuzuia mawimbi, na Bustani ya Forodhani upande wa kusini ni ya miaka ya 1930. Zamani ufukwe ulikuwa karibu zaidi. Tumepunguza ubao wa msingi na kusogeza maji.

Agosti 27

Tarehe imeangukia siku ya kazi, kwa hiyo tumelizungumza lile lililotokea.

Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasrini na kujitangaza, bila ya idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar kuwa chini ya himaya yao. Walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid alikusanya wafuasi wapatao 2,800 ndani na kando ya majumba. Alipewa muda mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27. Saa 3 na dakika 2 manowari zilizokuwa zimejipanga mbele ya ufukwe zilifungua mizinga. Thrush, Racoon na Sparrow ndizo zilizopiga majumba. St George, meli ya Admirali Rawson, ilimgeukia Glasgow, meli ya sultani, ikaizamisha palepale bandarini. Bendera ya kasrini ilipodondoshwa, mizinga ikanyamaza. Yote hayo katika dakika 40 hivi. Upande wa Khalid waliouawa au kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa mwanamaji mmoja.

Watu hulisimulia tukio hili kama kichekesho cha dunia, vita vifupi kuliko vyote, halafu wanaendelea na chai. Sisi tuliokuwa tunagundisha ngazi kwa koleo tuliona jambo jengine. Mizinga iliingia kwenye nyumba yenye ua uliojaa watu na ngazi mbili.

Kijana mmoja aliuliza swali zuri: nyumba ya mawe inaunguaje? Jibu liko kwenye boriti. Ukuta ni mawe, lakini kila sakafu, kila dari, varanda zima na madaraja ni miti. Na miti ile haibebi sakafu tu. Ndiyo inayozishika kuta zisiachane. Moto ukizila boriti, sakafu za chokaa, nzito mno, zinaporomoka moja juu ya nyengine, na kuta zinabaki zimesimama pekee, hazina kinachozivuta. Ndivyo yalivyokutwa majumba hayo asubuhi ile moto ulipopungua. Beit al-Ajaib, yenye nguzo zake za chuma, ilipona kwa majeraha. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake haukupona. Ule mnara wa saa uliopandishwa baadaye usoni mwa Beit al-Ajaib ndio uliokuja kuchukua nafasi yake. Mabaki ya majumba yaliyokuwa khatari yakabomolewa. Kati pakapandwa bustani, kaskazini ikaja kasri mpya.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani. Tarehe 2 Oktoba alichukuliwa kwa meli ya Seeadler kwenda Dar es Salaam, akaishi huko mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916 wakati wa vita. Walimpeleka Shelisheli na St Helena, na baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927. Milingoti ya Glasgow iliendelea kuchungulia majini mbele ya kasri mpya mpaka 1912, mabaki yake yalipovunjwavunjwa.

Babu Fundi alipendekeza tutengeneze na kipande cha nyumba ikiwa imeungua, cha kubadilisha, kama wikio. Dada mchoraji alikataa katakata. Alisema picha za magofu zipo, zilipigwa siku zile zile na kuuzwa kwa wageni kama kadi. Kila mtu anaweza kuziona. Kinachokosekana ni nyumba nzima. Nilikuwa upande wa Babu mwanzoni. Baada ya kuzitazama tena zile picha, na kuona wapigapicha walivyojipanga juu ya vifusi, nimehamia kwa dada.

Mwisho wa kipupwe

Tumemleta bibi mmoja wa mtaa wa Malindi, hapa mjini, kuiona kazi kabla haijapakwa rangi ya mwisho. Hakujali ukuta wa nje hata kidogo. Alizunguka meza, akainama, akachungulia uani kupitia lango, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Maji yanatoka wapi?"

Hatukuwa na kisima. Nyumba ya watu wengi namna ile, iliyojengwa zama za Seyyid Said, nusu karne kabla ya Barghash kuvuta maji ya mabomba kutoka Bububu, haina kisima! Salme anataja wachukuzi wa maji, ambayo ina maana mengi yaliletwa na watu. Lakini bibi anasisitiza kwamba nyumba za mjini kwao zilikuwa na kisima cha maji ya chumvi chumvi cha kuoshea na kufulia, na ya kunywa ndiyo yaliyoletwa kutoka nje ya mji. Babu Fundi amekubaliana naye, maana amefungua sakafu nyingi maishani mwake. Kisima kinaingia, pembe ya kaskazini-mashariki, mbali na wachinjaji. Kitapakwa kijivu.

Vuli inakaribia

Hali ya kazi kwa sasa. Ua umekamilika, ngazi zimekamilika, varanda lina nguzo zote. Ghorofa ya juu imewekwa bila ya gundi ili iweze kunyanyuliwa na watu waone vyumba vya upana wa boriti. Watu wa uani wamefikia wingi unaoridhisha. Wachukuzi wa maji watatu wamejinyoosha karibu na nguzo, kama Salme alivyowakuta. Varandani wamekaa wanawake wanne na mtoto mmoja anayechungulia juu ya ukuta wa kuegemea. Sehemu za kijivu ni nyingi kuliko nilivyotaka, hasa vyumba vya nyuma, na dada mchoraji anasema zisipunguzwe kwa ajili ya uzuri.

Maandishi ya ubao wa maelezo nimeyapunguza. Toleo la mwanzo lilianza na dakika 40 za Agosti. La sasa linaanza na ngazi, na vita vinakuja kwenye mstari wa mwisho kabla ya majina ya waliosaidia. Jina la nyumba litaandikwa Beit al-Sahel, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba baadhi ya maandishi yanaliita jumba hili kwa jina jengine.

Kilichobaki ni mlingoti wa bendera, kisima, na taa. Kwa taa tunatumia shanga ndogo zilizotungwa kwenye uzi mwembamba chini ya dari la varanda. Shanga zimefika leo na karibu zote ni nyekundu. Kesho natumwa Darajani nikatafute za kijani na za buluu, na kama zipo, za manjano ndogo zaidi ya hizi.